Unapojipikia peke yako: kipi uweke na kipi utupe

JUMATATU moja, mwendo wa saa nne asubuhi, aliletwa kwangu mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, akiwa ameshikiliwa na wenzake wawili. Alikuwa mbele ya darasa akifundisha hesabu alipoanza kutapika. Kabla ya kunifikia alikuwa ametapika mara tano, na tumbo lilimsokota hata akashindwa kusimama wima. Hakuwa na homa. Nilipomwuliza alichokula asubuhi, alinijibu kwa aibu kidogo kwamba alikula wali. Wali huo aliupika Jumamosi mchana, akaula usiku, akaula tena Jumapili, na uliobaki akaupasha moto Jumatatu saa moja akaunywea chai.

"Lakini daktari, huku Olenguruone si ni baridi kama ndani ya friji?" aliniuliza baada ya dripu kumrudishia nguvu. "Tena niliupasha ukawa moto kabisa. Na ningeutupaje ilhali mchele nimeununua kwa pesa yangu?"

Maswali hayo ndiyo somo letu la leo, msomaji. Mwalimu huyu hakuwa mchafu wala mzembe. Alikuwa mtu anayeishi peke yake katika chumba cha kukodi, mshahara wake hautoshi, na alilelewa katika nyumba ambayo kutupa chakula ni dhambi. Watu wa aina yake ni wengi hapa kwetu: walimu na wauguzi waliopelekwa kazini mbali na kwao, makarani wa viwanda vya majani chai, vijana wa vibarua, na wazee ambao watoto wameondoka na mwenzi amefariki. Huko Nakuru na Nairobi mnakosomea gazeti hili ni wengi zaidi. Kosa lao, kwa maoni yangu, ni moja. Hutafuta akiba mahali ambapo haipo, yaani katika chakula kilichokwisha kukaa, badala ya kuitafuta sokoni na katika kipimo cha kinachoingia sufuriani.

Hasara yenyewe si ndogo. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), lenye makao yake makuu hapo Gigiri, Nairobi, ilikadiria mwaka wa 2021 kwamba nyumba za Kenya hutupa chakula kiasi cha kilo 99 kwa kila mtu kwa mwaka, pamoja na maganda na mifupa. Hilo ni zaidi ya gunia moja la mahindi la kilo 90. Nyumba ya watu saba angalau ina mtoto wa kukwangua ukoko, lakini chumba cha mtu mmoja hakina wa kusaidia.

Kipimo cha mtu mmoja

Wengi wetu tulijifunza kupika kwa kumtazama mama akipikia watu wanane. Mkono ulizoea hivyo. Ukiondoka nyumbani, mkono unaendelea kumwaga mchele ule ule, na sufuria uliyonunua ni kubwa kwa sababu uliona haya kununua ndogo. Basi anza na sufuria. Ile ya lita moja na ile ya lita moja na nusu zinamtosha anayejipikia, na kwa kuwa ndogo huchemka upesi kwa makaa au gesi kidogo.

Kisha tafuta kikombe kimoja cha chai kikae jikoni kwa kazi ya kupimia tu. Mtu mzima asiyefanya kazi ya sulubu hushiba kwa nusu kikombe cha mchele kabla haujapikwa. Kwa ugali, chemsha maji vikombe viwili, utie unga kikombe kimoja kilichojaa, uongeze kidogo kidogo hadi ushikane upendavyo. Ndengu au kamande, nusu kikombe. Anayelima au kubeba mizigo ataongeza, na mwenye kisukari atafuata alivyoshauriwa na daktari wake. Ukipima hivi kwa wiki mbili utagundua tumbo lako linataka kiasi gani hasa. Mimi nilipojipima nilikuta nimekuwa nikipika karibu mara mbili ya ninachokula.

Sokoni ndiko kwenye mtego mkubwa. Siku ya soko hapa Olenguruone, kabeji iliyotoka shambani asubuhi hiyo huwa kubwa kuliko kichwa cha mtu, na bei yake ni ya kuchekesha ukilinganisha na ya mjini. Nilipoanza kazi, nikiwa kapera, nilinunua kabeji za namna hiyo tatu kwa mpigo kwa sababu mama aliyeziuza alinipunguzia. Nilizikata zote katikati ili kuona kama ni nzuri ndani. Baada ya siku tano mwenye nyumba aliuliza kama kuna panya aliyefia chini ya kitanda changu.

Kumbe kabeji ni rafiki wa mtu mmoja akiijua. Usiikate katikati. Bandua majani ya nje, mawili au matatu, uyakatekate kwa mlo wa siku hiyo na kuiacha iliyobaki ikiwa nzima mahali penye ubaridi na hewa. Kwa baridi ya huku inakaa wiki mbili bila taabu. Sukuma wiki haina subira hiyo. Nunua ya siku mbili tu, au ikiwa una kijisehemu nje ya mlango panda mashina manne na uvune majani ya chini. Nyanya nunua za rangi tofauti, mbili za leo na mbili zinazoanza tu kuiva. Nyama ni robo kilo, nawe usimwonee haya mwenye bucha. Kama huna jokofu, nyama ya akiba ni pesa ya kutupa, afadhali mayai, ambayo hayapikwi hadi yanapohitajika, au omena waliokaushwa vizuri.

Viazi ni habari nyingine. Sehemu hizi za Molo, Keringet na Olenguruone ni nchi ya viazi, na ndoo nzima hupatikana kwa bei ambayo huwezi kuikataa. Ndoo hiyo itakukalia ikiwa utaitunza: usivioshe, viweke gizani kwenye hewa, mbali na vitunguu, na kila baada ya siku mbili ondoa kinachoanza kuoza kabla hakijaambukiza jirani. Usiviweke dirishani. Kiazi kikipigwa na mwanga hugeuka kijani, na ujani huo ni dalili ya sumu iitwayo solanini, ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Palipogeuka kijani kidogo pakate, pamoja na machipukizi. Kilichogeuka kijani kingi au kilicho kichungu mdomoni usikile.

Maharagwe na mlima

Hapa yanipasa nikae kidogo, kwani maharagwe ndicho chakula cha bei nafuu chenye kujenga mwili kuliko vyote anavyoweza kupata mtu wa mshahara mdogo, na ndicho kinachowashinda wengi wanaojipikia. Gorogoro moja, yaani kilo mbili hivi, inaweza kumtolea mtu mmoja milo zaidi ya ishirini. Taabu ni makaa.

Mjini Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi 100. Kila unapopanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi moja. Nairobi na Nakuru maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Huku kwetu, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, yanachemka yangali nyuzi 92 au chini ya hapo. Yatatokota mbele ya macho yako, lakini yana joto pungufu, na kuongeza makaa hakutayafanya yawe moto zaidi. Yatakauka upesi tu. Ndiyo maana mgeni kutoka pwani hudhani ameuziwa maharagwe mabovu.

Dawa ya kwanza haina gharama. Loweka maharagwe usiku kucha, asubuhi umwage maji hayo. Kulowekwa kunapunguza muda wa jikoni, tena maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika endapo hayakuiva. Mwinuko kama wetu unataka yatokote kwa nguvu kwa nusu saa nzima kabla ya kufikiria jambo lingine lolote. Baada ya hapo unaweza kuiondoa sufuria motoni na kuifukia, ikiwa imefunikwa vizuri, ndani ya kikapu kilichojazwa vitambaa vizito au blanketi kuukuu. Joto lililomo ndani huendelea kuyapika huku wewe uko kazini na jiko limezimwa. Ukirudi yachemshe tena, ule. Mwenye uwezo wa kununua sufuria ya presha atakuwa amepata jawabu la mlima, maana ndani yake maji hupanda hata kupita nyuzi 100.

Wengine hutia magadi. Ni kweli magadi hulainisha, lakini yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharagwe na kuongeza chumvi mwilini. Mwenye shinikizo la damu ayaache kabisa.

Lipo jambo moja ambalo sikuambii kwa kukushauri bali kwa kukusihi. Kwa kuwa usiku wa hapa ni baridi, na kwa kuwa makaa ni ghali, wapo wanaoingiza jiko chumbani, wakabandika maharagwe, wakafunga dirisha na kulala, ili moto mmoja upike na kuwapasha joto. Makaa yanapoungua katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Huanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu, na aliyelala hata hiyo dalili haioni. Wenzake huvunja mlango asubuhi. Jiko lililowaka likae nje. Ukitaka joto, vaa sweta mbili.

Tatizo la wali

Sasa tumrudie mwalimu wetu. Mchele, kama ulivyo udongo uliokuza mpunga, hubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus. Bakteria huyu ana mbegu ngumu, ambazo wataalamu huziita spora, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali unapopoa polepole ndani ya sufuria, hasa sufuria kubwa iliyofunikwa, mbegu huamka na kuzaana, na baadhi yao hutoa sumu. Sumu hii ndiyo inayotapisha, mara nyingi katika muda wa saa moja hadi sita. Na hapa ndipo lilipo jibu la swali lake: kuupasha wali moto huua bakteria wenyewe lakini sumu waliyokwisha kuitoa hubaki ilivyo. Alikula sumu moto badala ya sumu baridi.

Kuhusu baridi ya Olenguruone, jokofu linalofanya kazi sawasawa huwa na nyuzi 5 au chini yake. Chumba chako hakifiki huko hata mwezi wa Julai, seuze chumba kilichopikiwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) hufundisha kwamba vijidudu huzaana kwa haraka kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Baridi yetu inafaa kabeji na viazi vibichi, haifai wali, mchuzi wala nyama iliyopikwa.

Mwenye jokofu afanye hivi: punde amalizapo kupakua, atenge kiporo katika chombo kipana kisicho na kina, kisha akitie juu ya maji baridi kwenye beseni kipoe, na ndani ya saa mbili kiwe ndani ya jokofu. Wali aule kesho yake. Maharagwe na githeri vinaweza kukaa siku tatu, na katika sehemu ya kugandisha hukaa wiki nyingi. Kwa hiyo mwenye jokofu apike gorogoro nusu mara moja, agawe katika mikebe ya mlo mmoja mmoja, na kila jioni akaange mkebe mmoja na kitunguu. Kila kiporo kipashwe mara moja tu, kipate moto hadi katikati, yaani zaidi ya nyuzi 70. Mchuzi utokote kweli kweli.

Asiye na jokofu, na hao ni wengi, nitamwambia ukweli usiopendeza: apike cha kumalizika siku hiyo hiyo. Ndiyo maana nikasisitiza kikombe na sufuria ndogo. Siku za katikati ya wiki apike ndengu au kamande, ambazo huiva upesi kuliko maharagwe. Najua wazee wetu walikula ugali wa jana na chai ya asubuhi, hata mimi nimeula. Mkavu, mzima usiochanganywa na mboga, uliokaa usiku mmoja tu, nisingemkemea mtu. Lakini wali, nyama, na chochote chenye mchuzi au maziwa, hapana.

Maziwa nayo yana njia yake, na majirani zangu Wakalenjin waliijua kabla ya mimi kusoma udaktari. Mursik ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Maziwa yakigeuka kuwa machachu kwa njia inayofaa, ule uchachu wenyewe huwazuia vijidudu wengi waharibifu. Kwa anayeishi peke yake akabakiwa na maziwa nusu chupa, njia rahisi ni kuyachemsha, kuyaacha yawe vuguvugu, kutia vijiko viwili vya maziwa lala mazuri, na kufunika hadi kesho. Angalia hapo: kuchemsha hutangulia. Maziwa mabichi yaliyoganda yenyewe yanaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa wa bruselosi, homa ya kuja na kwenda yenye maumivu ya viungo ambayo hutibiwa kwa wiki nyingi.

Kile cha kutupwa bila huruma

Kipo chakula ambacho hakistahili kuokolewa kwa vyovyote. Cha kwanza ni mahindi au unga wenye ukungu. Mvua za huku haziishi, na mahindi mengi huingia ghalani yakiwa bado na unyevu. Ukungu wa aina fulani hutoa sumu ya aflatoksini, inayoharibu ini. Mwaka wa 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo na 125 kati yao wakafariki. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo, kuosha hakuiondoi, na kuchanganya mahindi mabaya na mazuri huwa ni kuisambaza tu. Usimpe ng'ombe pia, kwa kuwa itakurudia ndani ya maziwa. Anayeishi peke yake asinunue unga wa miezi mitatu kwa sababu ya punguzo. Pakiti ya kilo mbili inatosha kwa zaidi ya wiki.

Mkate ulioota ukungu upande mmoja utupwe wote, kwa sababu nyuzi za ukungu hupenya ndani kusikoonekana kwa jicho. Maganda ya viazi, majani ya nje ya kabeji na vitu kama hivyo si hasara. Vichimbie chini ya ile sukuma wiki.

Iwapo umekwisha kula na tumbo limechafuka, usikimbilie vidonge vya kuzuia kuhara wala antibiotiki za dukani. Kunywa maji yenye chumvi na sukari ya pakiti ya ORS, kidogo kidogo kila baada ya dakika chache, hata kama unatapika. Njoo hospitalini upesi ukiona damu, ukiwa na homa kali, mkojo ukipungua, ukishindwa kubakisha maji tumboni, au ikiwa ni mjamzito au mzee. Na ikiwa unaishi peke yako mwambie mtu. Kuna waliozidiwa ndani ya nyumba zilizofungwa kwa sababu tu hakuna aliyejua.

Yule mwalimu aliondoka jioni ile ile. Alichotumia kwa matibabu kingemnunulia mchele wa mwezi mzima, nami sikuwa na haja ya kumwambia, alipiga hesabu mwenyewe. Kilichonifurahisha ni alichokuja kunieleza baadaye. Katika ploti anayokaa wako wapangaji wanne, kila mmoja na jiko lake, kila mmoja na kiporo chake. Sasa Jumatatu anachemsha yeye maharagwe ya wote, Jumatano ni zamu ya jirani, Ijumaa ya mwingine, na kila mtu huja na kibakuli chake akachukua sehemu yake ingali moto, akaenda kuikaanga anavyopenda. Kabeji hununua moja. Gunia la makaa ambalo lilimwishia kwa mwezi mmoja sasa linaingia mwezi wa pili. Wa nne kati yao, fundi wa pikipiki, hajui kupika kabisa, kwa hivyo wamempa kazi ya kuchambua na kuloweka.